Kenya yahitaji daftari la washawishi

Katika jimbo la Massachusetts, Marekani, ofisi moja ya kumbukumbu hutunza mambo matatu ambayo raia wengi huyapuuza: kanuni za serikali, majina ya washawishi wanaolipwa na vyeti vya wathibitishaji hati. Mkuu wake huchaguliwa na wapigakura. Bw William Galvin aliushika wadhifa huo mwaka 1995 na kuchaguliwa tena 2022.

Kanuni ya kawaida haipati nguvu hadi iwasilishwe hapo na kuchapishwa. Mthibitishaji hati huhudumu miaka saba, kisha hulazimika kuomba upya. Naye mshawishi hujisajili na kueleza, mara mbili kwa mwaka, analipwa na nani, kiasi gani na kwa mswada upi.

Kenya haikosi nguzo mbili za kwanza. Sheria ya 2013 inataka kanuni zifikishwe Bungeni katika siku saba za vikao baada ya kuchapishwa, la sivyo zinabatilika. Wathibitishaji hati nao huteuliwa na Jaji Mkuu. Pengo liko kwa washawishi.

Juni 2024, vijana waliojitokeza kupinga Mswada wa Fedha walikuwa na kila kifungu mkononi. Walichokosa ni daftari la kuwaonyesha nani alilipwa kuvisemea vifungu hivyo.

Daftari halizuii ufisadi. Hata hivyo, wahenga walinena kikulacho ki nguoni mwako, na nguo haikung'utwi gizani.