AFYA YA JAMAA: Dawa ya huzuni na mambo ya kitanda

Barua moja imetufikia kutoka Kolwezi. Mama mmoja anaandika hivi: "Bwana yangu aliingia katika ugonjwa wa mawazo tangu walimusimamisha kazi. Munganga alimupa vidonge vya paroksetini. Sasa analala, anakula, anacheka na watoto. Lakini ku kitanda hakuna kitu. Tangu miezi mbili ananigeuzia mugongo. Dada yangu anasema iko na biro ya pili. Mama-mukwe anasema ni mimi namuloga. Niko nataka kutupa ile vidonge ku choo."

Mama, usitupe kwanza. Tena umefanya vizuri kuandika jina la dawa, maana jibu karibu lote liko ndani ya jina lile.

Katika ubongo wa mutu mna vitu vinavyopeleka habari kutoka pahali mpaka pahali. Kimoja kinaitwa serotonini. Paroksetini (Deroxat), fluoksetini (Prozac), sertralini (Zoloft) na sitalopramu, zote ni za ukoo mumoja: zinaacha serotonini nyingi ikae kazini, na pole pole ile huzuni nzito inapungua. Lakini serotonini hiyohiyo inafunga breki upande wa mapenzi. Hamu inapoa. Kwa mwanaume nguvu inaweza kulegea, ao mbegu inachelewa sana, ao haitoki kabisa. Kwa mwanamuke pia hamu inaenda, na ile furaha ya mwisho haifiki. Wanawake wanafikiri ni uzee wananyamaza. (Breki hiyo ni ya kweli kabisa, hata waganga wengine wanaitumia kama dawa kwa wanaume wanaomaliza haraka sana.)

Basi bwana yako anaweza kuwa anakupenda sana na mwili ukakataa. Mwanaume aliyeshindwa mara mbili tatu anaona haya, anageukia ukuta. Wewe unaona mugongo, unafikiri biro ya pili.

Haya hiyo haiko ya Kolwezi peke yake. Kule Hispania, waganga walichapisha mwaka 1997 habari ya wagonjwa 344 waliokuwa wanakunywa dawa za ukoo huu. Wagonjwa 14 tu kwa 100 ndio walisema wenyewe kwamba kitanda kimeharibika. Munganga alipowauliza wazi, wakawa 58 kwa 100. Kumbe wengi walikuwa wanabeba muzigo bila kusema!

Mwaka 2001 walirudi na hesabu ya wagonjwa 1022, safari hii wakilinganisha dawa na dawa. Wenye shida walikuwa hivi kwa kila 100: sitalopramu 73, paroksetini 71, venlafaksini 67, sertralini 63, fluoksetini 58. Lakini mitazapini ilikuwa 24 tu. Usishike hesabu hizo kama mizani ya soko. Kati ya 63 na 58 hakuna tofauti ya kukufanya ubadilishe dawa. Lakini kati ya 71 na 24, iko! Na katika ukoo wa serotonini, paroksetini mara nyingi inaonekana kuwa nzito kwa jambo hili.

Iko pia bupropioni, isiyogusa serotonini. Hiyo inaharibu kitanda kidogo sana, lakini mutu wa kifafa haruhusiwi. Mitazapini nayo inaleta usingizi na njaa, mutu ananenepa. Nefazodoni ilikuwa na 8 tu kwa 100, watu wakafurahi. Kisha ikaonekana inaweza kuua ini, na tangu 2003 wakaanza kuiondoa sokoni katika inchi nyingi. Kwa hiyo usichague dawa kwa kuangalia kitanda peke yake.

Dawa za zamani? Amitriptilini (Laroxyl) inapatikana kwa bei ndogo. Inakausha kinywa, inafunga choo, inalaza, na nguvu ya kiume inaweza kupungua. Klomipramini (Anafranil) ni nzito sana kwa upande wa kufikia mwisho.

Sasa jiulizeni ninyi wawili: shida ilianza lini? Ugonjwa wa huzuni wenyewe unaua hamu, mbele ya kidonge cha kwanza. Kama ilianza pale alipopoteza kazi, labda dawa haina kosa. Kama ilianza kisha wiki chache za kunywa, angalieni dawa. Na msisahau ugonjwa wa sukari, damu kupanda, na pombe.

Juu ya choo ulichotaja, Mama: kuacha paroksetini ao venlafaksini kwa gafula kunaleta kizunguzungu, hasira, usingizi mubaya, na kichwa kinapigwa kama na umeme. Kubaya zaidi, huzuni inaweza kurudi, na mawazo ya kujiua nayo. Munganga anajua kuteremusha kidonge pole pole. Anaweza kupunguza kipimo, ao kubadilisha dawa, ao kuongeza sildenafili kwa mwanaume asiyesimama. Ile sildenafili ya soko, hapana! Mutu wa moyo anayekunywa dawa za nitrati akiichanganya, damu inashuka mpaka anaweza kufa.

Mambo mawili ya haraka. Trazodoni inafanya mara chache kinyume: uume unasimama na kukataa kushuka. Ukipita saa 4, kimbilia hospitali, usingoje asubuhi. Na kwa watu wachache shida ya kitanda imebaki hata kisha kuacha dawa za serotonini. Mwaka 2019 wakubwa wa dawa wa Ulaya waliomba hilo liandikwe kwenye karatasi za dawa. Ni sababu ya kusema mapema.

Mama, mwende wawili. Bwana yako akishindwa kufungua kinywa, sema wewe: "Munganga, tangu dawa hii, mambo ya kitanda yamesimama. Iko ingine?" Pelekeni na karto ya dawa. Munganga akicheka, tafuteni mwingine. Na siku ile mama-mukwe atakapokuja, mufungulie karto umusomee karatasi ya ndani: mambo haya yameandikwa pale, na watu wasiokujua wewe wala mwana wake.