Makisio si Ghala

Neno la urani limekwisha zoeleka midomoni mwa watu wa pwani ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Ng'ambo ya mto Songwe, katika wilaya ya Karonga, uko mgodi wa Kayelekera. Na upande wetu, Namtumbo katika mkoa wa Ruvuma, watajwa ule wa Mto Mkuju. Kila zitajwapo habari hizi hutajwa pia hesabu ya tani, na wako waisemao hesabu hiyo kana kwamba ni magunia yaliyokwisha wekwa ghalani. Neno hili twalikataa.

Mkulima wa Kyela ajua kukisia mpunga. Hutazama masuke mahali mbalimbali shambani, palipo na maji mengi na palipo na machache, ndipo asemapo yatatoka magunia kadha wa kadha. Akipita ukingoni tu penye rutuba, makisio yake yatamdanganya. Ndivyo ilivyo kwa watafuta madini. Hutoboa matundu membamba, wakapima unene wa tabaka, uzito wa mwamba, na gramu za urani katika kila tani. Baina ya tundu na tundu hawakuona kitu, wanakisia. Kwa sababu hiyo kanuni za Australia ziitwazo JORC, zilizotolewa mara ya kwanza mwaka 1989, zatenga hazina katika daraja tatu: iliyodhaniwa, iliyoonyeshwa na iliyopimwa. Atajaye jumla ya zote bila kutaja daraja amechanganya mchele na pumba.

Tena urani ina hila yake. Chombo kiteremshwacho tunduni hakiioni urani yenyewe. Chapima mionzi, na sehemu kubwa ya mionzi hiyo yatoka katika vizalia vyake, yaani vitu vitokanavyo na urani inapochakaa kwa miaka mingi. Maji yapitayo ardhini yaweza kuichukua urani na kuviacha vizalia nyuma. Hapo chombo kitaonyesha mali nyingi mahali iliposalia kidogo. Kwa hiyo vipande vya mwamba havina budi kupimwa kwa dawa maabarani.

Hata makisio yakiwa ya kweli, si yote yatakayochimbwa. Akiba ni sehemu ile tu iwezayo kuchimbwa kwa faida, na faida hufuata bei. Kayelekera ni shahidi. Shirika la umeme la Uingereza lilipachunguza miaka ya 1980, likaona hapalipi. Mwaka 2007 bei ya ratili moja sokoni ilipita dola 130. Na mwaka 2009 kampuni ya Paladin ya Australia ikafungua mgodi. Baada ya msiba wa Fukushima, Japani, mwaka 2011, bei ilishuka, hata katikati ya 2014 ikawa chini ya dola 30. Mwaka huo mgodi ulisimamishwa, na wafanyakazi wengi wakakosa kazi. Kampuni ya Lotus iliununua mwaka 2020, na uzalishaji ukaanza tena 2025. Je, mwamba uliondoka ukarudi? La! Iliyobadilika ni akiba, maana bei ilibadilika.

Wako wasemao, "Hesabu ni za wataalamu, mwanakijiji atauliza nini?" Twajibu: shamba ni lake, na maji ya Kayelekera hushuka kwa mto Sere na Rukuru Kaskazini hata ziwani tuvuamo samaki. Wengine husema hesabu zote ni uongo wa wageni. Hao nao twawakataa. Makisio yaliyofanywa vyema ni kazi ya haki. Uongo huingia pale masharti yake yafichwapo.

Basi twadai hivi: kila tani zitajwapo barazani, zitajwe kwa Kiswahili pamoja na umbali wa matundu, daraja ya hazina, gramu katika tani, na bei iliyotumiwa. Asiyejibu manne haya asitiliwe sahihi ya shamba. Wala kijana asiache jembe, wala mzee asikope fedha, kwa kutumaini tani za karatasini. Mpunga ulio ghalani hulisha watoto. Makisio hayajashibisha mtu.