Tuandike sheria za mchezo wa mashimo kabla hazijapotea

Kuna ugomvi mdogo ambao wengi waliopitia kambi za wahami wanaujua. Wazee wawili wanachimba mashimo chini, safu nne za mashimo manane, wanaokota mawe madogo 64, wanaanza kucheza. Baada ya muda kidogo mmoja anasema, "Unaiba!" Mwenzake anajibu, "Kwetu ndivyo tunavyocheza." Watazamaji wanacheka.

Hakuna anayeiba. Mashimo ni yale yale, ila sheria ni mbili. Mwenye kucheza bao la Waswahili, lile la pwani, anaanza na kete 10 kwenye mashimo yake, na 22 anazishika mkononi ili kuziingiza moja moja. Akila, anachukua kete za shimo la mbele tu la mpinzani, na anazisambaza kuanzia shimo la pembeni la safu yake ya mbele. Mwenye kucheza igisoro, mchezo wa Rwanda na Burundi ambao nasi watu wa mpakani tunaujua, anaweka kete zote 32 chini tangu mwanzo. Akila, anabeba mashimo mawili kwa mara moja, la mbele na la nyuma, mradi yote mawili yawe na kete. Kisha anazisambaza kuanzia pale alipoanzia mwendo wake. Omweso wa Uganda unafanana sana na huo.

Wengine wanasema tuchague sheria moja, wote waifuate, ugomvi uishe. Mimi sikubali. Mzee aliyeacha nyumba, shamba na ng'ombe alikuja na mchezo wake kichwani. Ukimwambia sheria yake ni mbaya, unamwambia kijiji chake kizima kilicheza vibaya. Na katika nchi ambamo watu huulizana "Wewe ni wa wapi?" hata kabla ya salamu, ni vizuri mtoto azoee kusema: leo tucheze ya kwenu, kesho ya kwetu.

Kubadilisha sheria si kosa. Waswahili wenyewe wana bao la kujifunza. Waliondoa zile kete 22 za mkononi, ambazo humchanganya mtoto, wakaweka kete mbili mbili katika kila shimo. Mashimo ni yale yale, kete bado ni 64. Lakini waliobadilisha walijua mchezo wa kwanza vizuri, na ule wa kwanza haukutupwa. Sisi tutabadilisha nini ikiwa hatujui tulichokuwa nacho?

Haraka ipo. Mwezi wa pili 2025 kambi zilizoizunguka Goma zilivunjwa, watu wakatawanyika. Wengine walirudi vijijini, wengine wako katika familia zilizowapokea, wengine hatujui walipo. Wazee waliokaa kambi moja na kuonyeshana michezo yao, leo ni vigumu kuwakutanisha tena.

Najua mtu atauliza: watu wana njaa, wewe unaongea mambo ya mawe? Kweli, unga na dawa kwanza. Lakini kaye moja na biki havimnyang'anyi mtu unga wake. Na siku ya mtu asiye na shamba la kulima ni ndefu sana.

Basi vijana na walimu, mkalieni mzee mmoja mmoja, mumuulize mambo manne. Kete zinaanza wapi? Unakula lini, na mashimo mangapi? Ukiisha kula, unasambaza kuanzia wapi? Na nani ameshindwa: aliyemaliza kete za safu ya mbele, au asiye na namna ya kusogea? Andikeni jina la kijiji na jina ambalo wanauita mchezo huo pale. Msimsahihishe. Wazee wawili wa kijiji kimoja wakitofautiana, andikeni yote mawili. Mwenye simu arekodi sauti, na apige picha ya mashimo kabla mchezo haujaanza.

Nasi wenye maikro tusikae kando. Redio za jamii zina nafasi ya matangazo na muziki kila jioni. Zikimpa mzee mmoja dakika tano kila wiki aeleze mchezo wa kwao, katika mwaka mmoja tutakuwa na sheria za vijiji zaidi ya hamsini.