Msaidizi Asiyesikiliza

Jina la kitu laweza kutufumba macho. Kitu kikiitwa 'msaidizi', ni nadra mtu kuuliza kinamsaidia nani. Ndivyo ilivyo kwa vifaa vinavyotiwa katika mabasi siku hizi kwa nia ya kumsaidia dereva.

Tangu Julai 2024, kila gari jipya linalouzwa katika nchi za Umoja wa Ulaya, mabasi yakiwamo, sharti liwe na kifaa cha kumtahadharisha dereva anapozidisha mwendo na kingine cha kumzindua anaposinzia. Sisi tulianza mapema kwa njia yetu. Kanuni za aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, marehemu John Michuki, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, zililazimisha magari ya abiria yawe na vidhibiti mwendo, yasizidi kilomita 80 kwa saa.

Sivipingi vifaa hivi, kwani vyaweza kuokoa maisha. Hoja yangu ni kuwa havitoshi, na vikitumiwa vibaya humwongezea dereva mzigo. Kengele, kwa jicho la mwanaisimu, ni sentensi ya amri isiyosubiri jibu. Dereva hawezi kuieleza kwamba amehama upande wake ili kukwepa shimo. Ikilia ovyo, humchosha akili. Siku ya hatari ya kweli haitasikika. Walimu wenzangu wanalijua hili: mwanafunzi anayekaripiwa kila dakika huacha kusikia. Aidha, vipo vifaa vinavyompelekea mwajiri habari za kila kosa. Hapo msaidizi amegeuka kuwa mnyapara.

Hapa kwetu tatizo lina mzizi mwingine. Kidhibiti mwendo hudhibiti gari. Hakidhibiti tageti, yaani kiasi cha fedha ambacho dereva wa matatu hutarajiwa kumkabidhi mwenye gari kila jioni. Mwendo ukipunguzwa na tageti ikabaki palepale, dereva hulipia tofauti hiyo kwa saa zake za kulala. Sheria ya Trafiki inakataza dereva wa gari la abiria kuendesha kwa zaidi ya saa 8 katika kila saa 24. Je, ni tageti ngapi zinazopangwa kwa kuizingatia sheria hiyo?

Huko Ulaya, dereva wa basi la safari ndefu hulazimika kupumzika dakika 45 baada ya kuendesha saa nne na nusu. Kifaa cha kumzindua kimeongezwa juu ya haki ya kupumzika. Hakikuchukua nafasi yake.

Basi wenye magari na watunga sera na wawasikilize madereva kabla ya kuwafungia mitambo. Wawalipe mshahara wa mwezi badala ya kuwasukuma kwa tageti. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mzigo huu, hata hivyo, si wa dereva peke yake. Abiria wote tumo ndani ya gari lilo hilo.