Kupanga ni kuchagua, hata chumba na sebule

Kuna ugonjwa umetukumba vijana wa mjini tunaokaa nyumba za kupanga. Mimi nauita ugonjwa wa "nikijenga". Nikijenga nitanunua meza ya kulia chakula. Nikijenga nitaweka mapazia ya maana. Nikijenga nitapanda maua. Kwa sasa godoro liko chini, nguo ziko kwenye begi la safari mwaka wa nne huu, taa ni ile balbu moja inayoning'inia katikati ya chumba, na mgeni akija tunamtolea stuli nje kwa sababu ndani "bado hatujajipanga".

Jamani, miaka minne! Mtu anamaliza ujana wake akisubiri nyumba ambayo hata kiwanja chake hakijanunuliwa.

Halafu upo ugonjwa wa pili, pacha wa huo wa kwanza. Harusi imeisha Jumamosi, Jumatatu bwana harusi yuko dukani anaandikishana mkopo wa seti ya sofa. Sofa lenyewe ni kubwa kuliko sebule. Likishaingia, mlango haufunguki mpaka mwisho, feni haina pa kusimama, na mtu akitaka kwenda chumbani lazima wengine wainue miguu. Baada ya miezi mitano wanandoa wameanza kununiana kwa sababu ya marejesho. Msicheke, nimeshaona ndoa changa zikiyumba kwa ajili ya makochi.

Ndiyo maana leo nataka kuwasifia vijana wawili ninaowafahamu hapa Tanga, mume na mke, waliopanga chumba na sebule huko Makorora. Majina yao siyaandiki, hawajaomba kusifiwa. Walipooana walikuwa na kodi ya miezi sita waliyokwisha kuilipa, godoro, jiko la gesi na sufuria tatu. Wakakubaliana mambo mawili tu: hawakopi, na hakiingii ndani kitu kisicho na kazi.

Meza yao ni ya mninga. Waliinunua kwa familia iliyokuwa inahamia Dodoma, ikiwa na mguu mmoja uliovunjika. Fundi seremala akaweka mguu mpya, wao wenyewe wakapiga msasa na vanishi. Viti ni viwili na havifanani. Kochi ni kitanda cha kamba kilichokuwa kinaozea uani kwa bibi yake mke. Wamekisuka upya kwa kamba za mkonge, wakaweka godoro jembamba na mito yenye foronya za khanga. Chini kuna mkeka wa ukindu. Ukutani kuna ungo mmoja mkubwa, basi. Mlangoni kuna ndoo za rangi zilizotobolewa chini, zimepandwa mrehani, mshubiri na asumini. Ndani, pembeni ya dirisha, kuna makopo matatu yenye majani ya kijani kibichi. Ukiingia unapumua.

Si kila mtu aliyefurahi. Shangazi wa mume alipowatembelea mara ya kwanza alitazama kushoto, akatazama kulia, kisha akauliza kwa upole: "Wanangu, vitu vingine mmeviuza?"

"Hapana shangazi, ndivyo tulivyopenda," akajibu mkewe.

Shangazi hakuridhika. Wiki iliyofuata akatuma kabati la vyombo, kubwa, la vioo. Likapokelewa kwa shukrani zote, likakaa wiki mbili, kisha likahamia kwa mdogo wa mume anayeanza maisha huko Mabawa. Adabu imetunzwa, na sebule pia.

Siku hizi mtandaoni mtindo huu wanauita minimalizimu, na picha tunazoonyeshwa ni za Wajapani na watu wa Skandinavia: ukuta mweupe, kiti kimoja, jani moja. Vijana wetu wanaziangalia wanadhani ni jambo geni lililokuja na intaneti. Hapa ndipo ninapotaka kubishana kidogo.

Nyumba za mawe za zamani za mwambao huu zilikuwa na vyumba virefu lakini vyembamba. Sababu ilikuwa dari. Dari lilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haiwezi kuvuka nafasi kubwa zaidi ya mita tatu hivi bila kupinda. Chumba cha namna hiyo hukijazi vitu, utakaa wapi? Walichofanya mafundi wa Lamu ni kuchimba zidaka ukutani, vile vishubaka vya kupambia, na humo mwenye nyumba akaweka bakuli na sahani zake chache nzuri. Sakafu ikabaki wazi kwa mkeka na watu. Na nje, baraza likafanya kazi ambayo leo tunalibebesha sofa la mkopo: kupokea wageni.

Kama unadhani natunga, panda gari la Pangani ushuke Tongoni, si mbali kutoka hapa mjini. Kuna magofu ya msikiti na makaburi zaidi ya 40 ya zamani za miji ya Waswahili. Wajenzi wa makaburi yale walipachika vyombo vya kauri vya ng'ambo ukutani kama pambo. Vyombo vyenyewe vingi vimeshang'olewa, yamebaki matundu ya duara. Ninachokiona mimi pale ni ladha: ukuta mtupu, mweupe, na kitu kimoja kizuri kilichotoka mbali. Wazee wetu walijua kwamba kizuri kimoja kikipewa nafasi kinatosha.

Sasa njoo kwenye maua, maana hapa ndipo hasira zangu zilipo.

Mwaka 1892 ofisa mmoja wa utawala wa Kijerumani hapa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliona kijiua cha rangi ya zambarau kikiota kwenye nyufa za mawe ya chokaa karibu na mji huu, na tena kwenye misitu ya Usambara. Akampelekea baba yake Ujerumani. Mwaka 1893 mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akakiandika rasmi na kukipa jina la Saintpaulia. Leo kijiua hicho ni miongoni mwa maua ya ndani yanayojulikana sana duniani. Bibi wa Chicago analo dirishani, mzee wa London analo jikoni. Muulize kijana wa Chumbageni kama amewahi kuliona ua la kwao!

Na si hilo peke yake. Lile jani nene linalong'aa kama limepakwa mafuta, Zamioculcas, ambalo sasa limejaa kwenye ofisi na hoteli za dunia nzima, kwao ni mashariki na kusini mwa Afrika, Tanzania ikiwemo. Waholanzi walianza kulizalisha kwa wingi kwa ajili ya biashara miaka ya 1990. Linavumilia kivuli na linavumilia mtu msahaulifu asiyemwagilia. Yaani limeumbwa kwa ajili ya chumba cha kupanga chenye dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani.

Mkonge nao una hadithi ya kinyume. Wenyewe ulikuja kwetu kama mgeni: Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na iliyofika hai mwaka 1893 ilikuwa 62 tu, ikapandwa upande wa Pangani. Kufikia miaka ya 1960 nchi hii ilikuwa inazalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, kisha kamba za plastiki zikaja zikauangusha. Leo zulia la mkonge ni pambo la nyumba za Ulaya zinazopenda vitu vya asili, na sisi tuliozungukwa na mashamba yake tunatandika kapeti la plastiki lenye picha ya simba. Sina ugomvi na simba. Lakini kamba ya mkonge hapa ipo, na mafundi wa kusuka wapo.

Nikiongea hivi nisieleweke kwamba mtu apande Usambara na panga akang'oe maua. Misitu ile imekatwa sana na baadhi ya aina za Saintpaulia ziko hatarini kutoweka porini. Uzuri wake ni kwamba mmea huu huzaliana kwa jani. Ukipata jani moja kwa mtu anayeufuga kihalali, unalichomeka kwenye udongo wenye unyevu, unasubiri. Hakuna haja ya kuiba msituni.

Tuje kwenye mitumba. Wapo watakaosema: wewe mwandishi, unatuhimiza tuchukue makapi ya watu? Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuziondoa nguo za mitumba hatua kwa hatua, Marekani ikatishia kuondoa nafuu za kibiashara, na mwisho ni Rwanda tu iliyoshikilia msimamo. Hoja ya wakati ule ilikuwa ya kweli: marobota yanaweza kuua viwanda.

Lakini meza yenye mguu uliovunjika si robota. Haikutoka kwenye kontena, imetoka mtaa wa pili. Shilingi ya meza ile imebaki kwa familia iliyohama, kwa fundi seremala na kwa muuza vanishi, wote wa hapa hapa. Na mninga wa zamani ni mbao ambayo leo ukiutaka mpya utalia. Kuna mti uliokatwa miaka mingi iliyopita, tayari umeshalipiwa gharama yake na msitu. Kuuacha uozee uani halafu tukanunue kabati la unga wa mbao linalovimba likimwagikiwa chai, hiyo ndiyo kujidharau.

Tahadhari zipo. Kitu cha mbao cha mtumba kianikwe juani na kikaguliwe kwenye nyufa kabla hakijaingia chumbani, maana kunguni hawana adabu ya kubisha hodi. Ukigonga mbao ukaona unga unadondoka, achana nayo, wadudu wameshahamia. Godoro la mtumba usinunue kabisa. Na maji yanayotuama kwenye visahani vya maua yamwagwe. Mwaka 2019 homa ya dengue ilipoisumbua Dar es Salaam, Tanga nayo haikusalimika, na mbu wa dengue anapenda maji safi yaliyotulia ndani ya nyumba yako.

Hoja nzito kuliko zote ni ya mwenye nyumba. Rafiki yangu mmoja aliniambia: "Wewe pendezesha tu, akija kuona kunang'aa anapandisha kodi." Ni kweli inatokea. Sheria ya mwaka 1984 iliyokuwa ikidhibiti kodi za pango ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo mpangaji wa kawaida hutegemea mkataba wake na utu wa mwenye nyumba. Wengine hata huo mkataba hawana, wana kipande cha karatasi ya daftari.

Jibu la wale wawili wa Makorora nimelipenda. Hawaongezi kitu kwenye nyumba, wanaongeza kwenye maisha yao. Hawajajenga kabati ukutani, hawajabadilisha vigae wala dari. Walipotaka kupaka rangi walimfuata kwanza mama mwenye nyumba: "Shikamoo mama. Tunaomba tupake sebule, na gharama ya rangi itoke kwenye kodi ijayo." Mama akafikiri, akakubali nusu, ikaandikwa. Vitu vyote vingine wamevipima kwa kipimo kimoja: je, siku tukiambiwa tuhame, kinaenea kwenye kirikuu safari moja? Kitanda cha kamba kinaenea. Meza inaenea. Ndoo za mrehani zinaenea. Sofa la mkopo je?

Na tusijidanganye kuhusu hii "nikijenga". Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawa nyumba za Msajili, na baadaye yakaenda Shirika la Nyumba la Taifa. Katika miji yetu wapo watu waliozaliwa kwenye nyumba kama hizo, wakaolewa humo, wakazikwa wakitokea humo. Miaka hamsini ya kupanga! Ungewaambia wasubiri?

Mwalimu Nyerere alisema kupanga ni kuchagua. Ilikuwa mwaka 1969, akizungumzia Mpango wa Pili wa Maendeleo wa nchi nzima, wala hakuwa na habari na sebule yako. Lakini neno lake linafaa hata kwa mwenye chumba kimoja. Hela ya chumba na sebule haitoshi kuwa na kila kitu, kwa hiyo mtu lazima achague, na wengi wetu tumechagua kutochagua: tunaishi kama abiria wanaosubiri basi. Mtoto atakayezaliwa katika chumba hicho hatajua kwamba kilikuwa cha muda. Kwake ndiyo nyumbani.

Jengeni, wala sikatazi. Nunueni viwanja huko Pongwe na Mwakidila, fyatueni tofali polepole. Lakini wikiendi hii toa nguo kwenye hilo begi, tafuta kiti kimoja kibovu umpelekee fundi, toboa ndoo moja upande mrehani. Ukipata mvua mbili tatu utanusa harufu yake kabla hujafungua mlango.

Mnasemaje wenzangu? Mnaotaka kutetea sofa, uwanja ni wenu.