Msiilaumu dawa ya meno kwa kosa la maji

Imani imeota mizizi Arusha na vijiji vinavyouzunguka Mlima Meru: floraidi ni sumu, kwa hiyo mzazi mwenye akili humnunulia mwanawe dawa ya meno isiyo nayo, au humsugulia meno kwa mkaa na chumvi. Anayebisha huonyeshwa meno ya kahawia ya wakubwa wake, na wengi hunyamaza hapo. Mimi sinyamazi. Imani hii inaozesha meno ya watoto.

Madoa yale ni ya kweli. Miamba ya volkano huachia floraidi kwenye chemchemi na visima, na watu wa Maji ya Chai na Ngurdoto wameishi na adha hiyo vizazi kwa vizazi. Pale Ngurdoto kuna kituo cha utafiti ambako maji huchujwa kwa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa. Shirika la Afya Duniani linataka floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi 4, na viko vyanzo vinavyopita 10. Mtoto akinywa maji hayo tangu uchanga, akalishwa pia makande yaliyoivishwa kwa magadi, ambayo nayo mara nyingi yana floraidi nyingi, jino lake la kudumu huharibika likiwa bado ndani ya ufizi. Akifika miaka minane hivi, gamba la meno ya mbele limekwisha kuumbika. Doa jipya haliji tena, na la zamani halitoki kwa kusugua.

Sasa tupige hesabu, maana wanaoeneza hofu hii hawapigi. Gramu moja ya dawa ya meno ya kawaida ina floraidi kama miligramu 1 hadi 1.5. Mtoto wa chini ya miaka mitatu hupakiwa kiasi cha punje ya mchele, takriban sehemu moja ya kumi ya gramu. Hata akiimeza yote, amepata miligramu 0.1 au zaidi kidogo. Lita moja ya maji ya kisima kibaya inampa miligramu 10. Mzazi anatupa tyubu, kisha anaendelea kuchota kisima kilekile! Wengine huyachemsha wakidhani wameyasafisha. Maji hupungua, floraidi hubaki palepale.

Na dawa anayoitupa ina kazi yake. Bakteria wa kinywani hula sukari ya chai, biskuti na soda, wakatoa tindikali inayoyeyusha madini ya gamba la jino. Mate huyarudisha pole pole. Floraidi ikiwamo kwenye mate, madini hurudi upesi na kuwa sugu zaidi kwa tindikali. Kazi hiyo hufanyika juu ya jino lenyewe, ndiyo maana mtoto hufundishwa kutema povu na kutosukutua kwa maji mengi. Mkaa hauwezi kazi hiyo.

Tena elimu hii ilianzia kwenye meno ya kahawia kama yetu. Daktari Frederick McKay, kule Colorado Springs nchini Marekani, alishangaa kuona meno yenye madoa hayaozi kirahisi. Mwaka 1931 floraidi ya majini ikatambuliwa kuwa chanzo cha madoa. Mwaka 1945 mji wa Grand Rapids ukatia kiasi kidogo, miligramu 1 kwa lita, na kuoza kwa meno ya watoto waliozaliwa baadaye kukapungua kwa zaidi ya asilimia 60. Sisemi tuongeze floraidi kwenye maji ya Meru. Huko kazi ni kuipunguza. Lakini tangu 2021 dawa ya meno yenye floraidi imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na sisi tunaikimbia.

Nao wanaosema meno ya utoto yatang'oka tu, wajue magego ya utoto hukaa hadi miaka 10 au 12. Gego likioza akiwa na miaka minne, mtoto hatafuni vizuri, halali, darasani hasikii kitu, na mwisho wake ni koleo.

Mzazi wa Usa River na kwingineko Meru, gombana na maji. Dai kipimo cha floraidi cha bomba au kisima chako, mtafutie mtoto maji mengine ya kunywa na kupikia, ondoa magadi kwenye chakula chake. Na kila asubuhi na jioni mpigishe mswaki kwa dawa yenye floraidi, tyubu ukiishika wewe mwenyewe.