Jiwe la Kizimkazi na Mkono wa Fundi

Hapa kwetu Kingamyambo jiwe hupimwa kwa shaba iliyomo. Likiisha kusagwa, hubaki matope tu. Watu wa pwani walikuwa na jiwe la namna nyingine, la matumbawe, walilolikata baharini. Likiwa bado bichi huchongeka kwa urahisi. Likiisha kukauka, huwa gumu.

Kwa jiwe hilo walichonga maandishi ya mihrabu ya msikiti wa Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja. Ni Kiarabu cha mtindo wa kale uitwao Kikufi: herufi zimesimama wima, na ncha zake zachipuka kama majani. Yataja mwaka 500 wa Hijra, ndio 1107 wa Bwana wetu. Sehemu kubwa ya jengo ilijengwa upya katika karne ya 18, na paa lake sasa ni la mabati.

Yasimuliwa kwamba mfalme Kizi alimwagiza fundi mmoja, jina lake Kazi, ajenge msikiti huo. Ulipokwisha, mfalme alipendezwa mno, hata akaamuru fundi akatwe mkono, asije akajenga mwingine mfano wake. Baadaye adui wakaja. Mfalme akaomba, nyuki wakatoka wakawafukuza. Adui wakarudi, akaomba tena, mwamba ukafunguka, akaingia, ukajifunga.

Hadithi kama hiyo yasimuliwa India juu ya mafundi wa Taj Mahal, na huko Moscow yasemwa kwamba aliyejenga kanisa la Mtakatifu Basili alipofushwa macho. Wanahistoria hawazisadiki. Nadhani watu waliona kazi nzuri isiyo na jina la fundi, wakajiuliza: huyu alipatwa na nini? Lakini sisi Wakongo hatuwezi kuisikia kama ngano tu. Zamani za Leopold wa Pili, kabla Ubelgiji haijaitwaa nchi mwaka 1908, mikono ya watu ilikatwa kweli kwa ajili ya mpira. Picha zipo, nasi Wakatoliki tukiri kwamba zile zijulikanazo zaidi zilipigwa na wamisionari Waprotestanti.

Mwanafunzi atauliza: mbona mfalme mkatili alisikilizwa mara mbili? Hadithi haijibu. Wala haisemi kama mwamba ule ulikuwa kimbilio au kaburi. Na fundi Kazi, tangu mkono wake ulipokatwa, hatajwi tena.